Usiwafuate watoto kwa sababu shule iko karibu

Juzi nimepokea ujumbe wa kijana mmoja aliye mwaka wa mwisho wa udaktari wa kinywa na meno. Kanisalimia vizuri, kaniita dada, kisha akaandika: "Nataka utafiti wangu uwe wa watoto, maana nimeona ni rahisi. Wapo shuleni wote, unawamaliza kwa siku mbili." Niliusoma nikiwa kwenye foleni ya mwendokasi pale Kimara, nikacheka peke yangu mpaka mama aliyekuwa mbele akageuka. Kicheko kikakatika nilipokumbuka kwamba maneno hayo ni yangu. Niliyasema mwenyewe mbele ya jopo, nikiwa na koti jeupe lililonyooshwa, na hakuna aliyenikatalia.

Ujumbe wenyewe umenikuta na furaha. Wiki iliyopita makala yangu imekubaliwa na jarida, baada ya kukataliwa mara tatu (sihesabu, ila ni tatu). Kwa hiyo nina haki ya kuongea kidogo leo.

Nilianzia kwa mtafiti Chu na wenzake. Mwaka 2002 walichapisha utafiti wa watoto 375 wa chekechea nchini China, wenye meno ya mbele yaliyooza. Wengine walipakwa dawa iitwayo SDF, ya asilimia 38, mara moja kwa mwaka, wengine vanishi ya floraidi kila miezi mitatu, na wakafuatiliwa miezi 30. SDF ilishinda. Niliusoma usiku mmoja nikaruka kitandani: kumbe hivi ndivyo tutakavyowatibu watoto wetu!

Kwa usiyeijua, SDF ni kimiminika chenye fedha, ile ile ya pete, pamoja na floraidi. Fedha inaua bakteria, floraidi inakaza jino. Hakuna sindano wala mashine inayolia. Unakausha tundu kwa pamba, unapaka kwa kibrashi kidogo, unasubiri kama dakika moja. Tundu lililokuwa laini kama kiazi kilichochemka linakuwa gumu, na linakuwa jeusi tii. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa hii kwenye orodha ya dawa muhimu. Sisi tusingeishangaa sana, maana tiba ya kuziba meno bila mashine, ART, ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Tiba ya meno isiyohitaji umeme ni mambo ya nyumbani.

Basi nikaenda wilaya moja ya Pwani. Chu alichukua watoto wa chekechea; mimi nikachukua darasa la kwanza, kwa sababu mwalimu mkuu alikuwa mtu wa kwetu na shule ilikuwa barabarani. Hilo ndilo kosa la kwanza, na lilinitafuna polepole.

La pili lilinitafuna siku hiyo hiyo. Fomu yangu ya ridhaa ilikuwa na kurasa nne, nimeitafsiri usiku kutoka Kiingereza, imejaa "mshiriki" na "mtafiti mkuu". Niliwapa watoto waweke ndani ya daftari, wapeleke nyumbani. Zilirudi zimesainiwa karibu zote, nikafurahi. Baadaye nikagundua kwamba nyingi zilikuwa na mwandiko mmoja wa kitoto. Kaka wa darasa la sita alikuwa amewasainia majirani wote.

Tulianza kupaka Jumanne. Jumatano saa moja asubuhi nikakuta kina mama saba getini, kanga kiunoni. Wa mbele alikuwa amemshika mwanawe taya, kama mtu anayeonyesha mbuzi sokoni. "Dokta, mtoto kaondoka nyumbani ana meno ya kahawia, karudi na makaa. Mmempaka nini?" Nikaanza kumweleza mambo ya bakteria. Akanikata: "Sijakuuliza hayo. Nimekuuliza nani alikuruhusu." Mimi na digrii yangu nikatazama chini. Kwenye kona ya mdomo wa yule mtoto palikuwa na alama ya kahawia, kwa sababu tulikuwa tunaharakisha na tukasahau kumpaka Vaselini mdomoni ili dawa isishike ngozi. Alama ya ngozini hutoka baada ya wiki moja au mbili, lakini utamwambiaje mama hivyo kama hukumwambia jana? Mpaka mchana ilikuwa imeshavuma kwamba tunapaka watoto dawa ya kuzuia uzazi. Ijumaa nusu ya watoto wangu hawakuja shule.

Tulisuluhishwa na mwenyekiti wa kijiji, nikaendelea na waliobaki. Miezi ya kati naiacha, ilikuwa vumbi na kusaini posho.

Niliporudi kuwapima upya ndipo kosa la kwanza lilipoiva. Mtoto wa miaka sita na saba anang'oka meno ya mbele. Ninamwita namba fulani, anafungua mdomo, pengo. Jino nililolipaka limekwenda wapi? Limetoka lenyewe kwa umri, au mama kampeleka likang'olewa kwa maumivu? Kwa mtafiti haya ni mambo mawili tofauti kabisa: moja ni maumbile, jingine ni dawa imeshindwa. Unamuuliza mtoto, anakwambia "lilitoka". Lilitoka! Nilikaa na karatasi zangu kwenye dawati la mtoto, magoti yakigusa kidevu, nikalia.

Chonge nazo. Baadhi ya watoto hawakuwa na chonge za chini, pande zote mbili. Chonge za utotoni kwa kawaida hukaa mpaka miaka tisa na kuendelea, basi nikaziandika kama meno yaliyong'olewa kwa kuoza. Kumbe nimepandisha hesabu ya uozo kwa uongo. Bibi mmoja ndiye aliyenifungua macho, bila hata kuulizwa: "Huyu alitolewa meno ya plastiki alipokuwa mchanga, alikuwa anaharisha sana." Meno ya plastiki ni imani: mtoto ana homa au anaharisha, fizi imevimba na kitu cheupe kinachungulia, fundi anakichokoa kwa ncha ya kitu chochote, akiamini ndiyo sumu. Kinachotolewa ni chipukizi la jino halali. Mtoto anaweza kuvuja damu, anaweza kuoza fizi, na jino la ukubwani lililo chini yake linaweza kuharibika. Fomu yangu haikuwa na kisanduku cha jambo hilo, kwa sababu niliinakili kutoka ugenini.

Utafiti ule haukuchapishwa. Ila mwaka uliofuata nilikaa kwenye ukumbi mmoja wa mkutano nikaona picha nilizozipiga mimi, vidole vyangu vimo ndani ya glavu, zikipita ukutani. Mwasilishaji hakuwa mimi. Jina langu lilikuwa kwenye shukrani, limekosewa herufi. Nimesamehe. Nadhani.

Sasa wewe mdogo wangu, nisikilize. Nenda kwa mama kwanza. Ukisema huna muda, huna utafiti. Safari ya pili nilichapisha picha mbili kubwa, jino kabla na jino baada, jeusi kama lilivyo, nikaitisha kikao Jumamosi alasiri wakati watu wametoka shamba. Nikasema: litakuwa hivi, halitarudi kuwa jeupe, anayetaka aseme, asiyetaka, mtoto wake atatibiwa vilevile kwa njia nyingine. Wapo waliokataa meno ya mbele wakakubali magego, nikaandika hivyo hivyo. Fomu ilikuwa ukurasa mmoja. Nilichukua watoto wadogo zaidi, wa awali, ambao meno yangekaa mpaka nimalize. Nikaongeza kisanduku cha chonge. Nikanunua Vaselini ya kutosha.

Ninyi vijana mnakimbilia SPSS, ile programu ya takwimu, kabla hamjakaa kwenye mkeka wa mtu. Kamati ya maadili ikikupa barua, barua hiyo ni ya kamati; mama hajakupa chochote bado. Nenda kwa mama. Nimeshasema, narudia.

Na kila mama niliomba kitu kimoja: jino likitoka, aniandikie tarehe na limetokaje. Sikutegemea sana. Mwezi wa nane alikuja mmoja, akafungua fundo la kanga, akatoa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Ndani mlikuwa na jino dogo, jeusi upande mmoja, na juu ya karatasi tarehe kwa kalamu ya risasi. "Alitaka kulirusha juu ya bati," akasema. "Nikamwambia subiri, dokta hajalihesabu."