Ukitaka drams za zamani, tembea na futi

Jamaa wa bendi wananicheka kila siku eti napiga mitumba. Sawa ni mitumba, ila wao hawajawahi kukaa kwenye kiti changu wakaikanyaga kiki, ile ngoma kubwa ya mguuni, ya miaka ya 60 wakasikia inavyosema "duu" mara moja halafu imenyamaza, haivumi vumi, mtu wa besi anapita bila kugombana na mtu. Pipa lake ni mbao nyembamba yenye pete ya mbao kwa ndani kulishikilia, na ukingo pale ngozi inapolala ni wa mviringo, sio mkali kama wa drams nyingi za sasa, kwa hiyo ngozi inagusa mbao sehemu kubwa na ile milio ya juu juu inakufa mapema.

Ila akili niliyonayo leo niliinunua Sengerema kwa laki tatu na nusu. Mzee mmoja alikuwa na seti ya Premier, ile ya Uingereza, imelala stoo katikati ya magunia ya dagaa, mi nikaona beji tu, yaani nembo ya kampuni, nikachanganyikiwa, nikalipa, nikavuka na kivuko cha Kamanga nimeikumbatia kiki kama mgonjwa. Nafika Kirumba, hapa Mwanza, nachukua ngozi mpya ya inchi 12 naweka kwenye tomu ndogo, ile ngoma inayokaa juu ya kiki, haiingii! Nikaazima nyingine, haiingii. Kumbe Premier za kabla ya mwishoni mwa miaka ya 60 baadhi ya vipimo vyake vilikuwa vya kwao wenyewe, tomu inaitwa ya 12 lakini imezidi kidogo tu, na hicho kidogo ndo kinakuua. Uzembe wangu. Inchi 12 ni sentimita 30 na nusu hivi, ningekuwa na futi ya fundi cherehani mfukoni ningejua palepale stoo na bei ingeshuka.

Pima pia uduara, pitisha futi sehemu nne tano, namba zikipishana sana ujue pipa limeshakuwa yai. Ukingo niliupima siku umeme umekatika, nikalifunika pipa kwenye kioo cha meza na tochi ya simu ndani, pale mwanga ulipochungulia nje ndo palipoliwa. Hapo usimruhusu seremala apige msasa kwa macho tu, atakuharibia sauti yote.

Beji nayo usiisujudie. Tangu Ringo Starr, mpiga drams wa Beatles, aonekane kwenye tivii ya Marekani Februari 1964 na drams zake za Ludwig, kampuni ya Kimarekani, kila mwenye Ludwig chakavu anajiona ana dhahabu. Kutu ya juu juu isikutishe, huku ziwani chuma gani hakina kutu, chukua foili ya kufungia chipsi, lowesha, sugua taratibu.

Ile tomu yangu? Niliipeleka Kisesa kwa fundi ngoma akaivalisha ngozi ya mbuzi kwenye duara la chuma, maana kabla ya ngozi za plastiki kuingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 50 wapiga drams kwa kawaida walipigia ngozi ya mnyama, kwa hiyo sijafanya dhambi. Jua likiwaka inalia kama imetukanwa, mvua ikitoka ziwani inalegea kama chapati. Jumamosi tuna harusi Pasiansi na wingu limeshatanda, natembea na jiko la mkaa.