Usilipie nafasi ya miguu kama unachotafuta ni usingizi

Ndugu, umeuliza kama inafaa kuongeza fedha ili upate kiti cha mlango wa dharura katika safari yako ya kwanza ya Guangzhou kupitia Addis Ababa, kwa kuwa utasafiri usiku na unataka ufike ukiwa umeshapata usingizi. Jibu langu ni hapana, na nitaeleza kwa kirefu kidogo kwa sababu kosa hilo nililifanya mwenyewe. Mimi nauza vitasa, bawaba na vifaa vingine vya milango pale Kariakoo. Kwa miaka tisa sasa nimekuwa nikienda huko mara mbili kwa mwaka, na mara zote nimekaa daraja la kawaida.

Safari ya kwanza nililipia kiti hicho hicho unachokitaka. Nilinyoosha miguu nikajiona mfalme, lakini ufalme wenyewe haukuzidi saa moja. Meza na skrini za safu ile hufichwa ndani ya viegemeo vya mikono, kwa hiyo viegemeo ni vinene, havinyanyuki, na vinakula upana wa kiti. Mlango nao ulikuwa ukipitisha baridi kwenye vifundo vya miguu. Begi nililopanga kuwekea miguu lilipandishwa juu, kwa kuwa katika safu hiyo hairuhusiwi kuacha kitu sakafuni wakati wa kupaa na kutua, na baada ya hapo sikuwa na moyo wa kusimama kulitafuta gizani. Kibaya zaidi, ile nafasi wazi mbele yangu iligeuka kijiwe: waliokuwa wakisubiri choo walisimama hapo wakizungumza, na bwana mmoja akawa anafanya mazoezi ya magoti. Nilitua Baiyun, uwanja wa ndege wa Guangzhou, mchana bila kupata hata lepe la usingizi, na jioni ile ile nikatia saini oda ya bawaba za inchi tatu badala ya inchi nne. Katoni zile zilikaa stoo karibu mwaka mzima.

Kinachomnyima mtu usingizi kwenye ndege si miguu kukosa pa kunyooka, bali ni mgongo kuwa wima. Mwaka 1987 watafiti wawili wa Uingereza walipima usingizi wa watu kwenye viti vilivyolazwa kwa pembe tofauti, wakaona kwamba mgongo ukilala kwa nyuzi 40 au zaidi kutoka wima, usingizi hukaribia ule wa kitandani, na kadiri kiti kinavyosimama ndivyo usingizi unavyoharibika. Kiti cha daraja la kawaida hakifiki hata karibu na hapo, kwa maana umbali kati ya safu na safu ni kama inchi 31 au 32, na kikilala zaidi kitamfunika magoti aliye nyuma. Kwa hiyo huwezi kununua kulala chali isipokuwa ununue tiketi ya daraja la biashara. Unachoweza kufanya ni kuuzuia mwili usiporomoke pale misuli inapolegea, na kwa kazi hiyo kiti bora ni cha dirishani, kwa sababu ndicho pekee chenye ukuta wa kuegemea, tena hakuna jirani atakayekuamsha akitaka kupita.

Uchague upande unaoulalia nyumbani. Mimi hulalia ubavu wa kulia, hivyo hutafuta dirisha la kulia, na tofauti niliiona tangu usiku wa kwanza. Epuka safu ya mwisho kabisa na ile iliyo mbele ya mlango wa dharura, kwa kuwa mara nyingi viti vyake havilali au hulala kidogo sana. Safu ya kwanza nyuma ya ukuta unaogawa ndege nayo ndiko vinakotundikwa vitanda vya watoto wachanga. Watoto hawana kosa lolote, lakini utawasikia.

Angalia pia aina ya ndege kabla hujalipa. Boeing 787, iitwayo Dreamliner, na Airbus A350 kwa kawaida hupangwa viti vitatu-vitatu-vitatu katika daraja letu, ila kiti cha A350 ni kipana zaidi, kama inchi 18 dhidi ya 17 na ushee. Ndege zote mbili hutunza hewa ya ndani kama mtu aliye kwenye mwinuko usiozidi mita 1,800 hivi, wakati ndege nyingi za zamani hufika mita 2,400, na mimi huamka na kichwa chepesi zaidi nikizipanda hizo mbili mpya. Ukipata A330 yenye viti viwili-vinne-viwili, na mnasafiri wawili, chukueni vile viwili vya pembeni bila kufikiri mara ya pili.

Sasa nije kwenye kanga, ambayo naiona ni muhimu kuliko mto wowote wa shingo. (Mito ya shingo nimekwisha kununua ya kila namna, mingine huko huko Guangzhou kwa bei ya jumla.) Mimi hubeba kanga mbili za mke wangu, zilizofuliwa mpaka zikalainika. Ya kwanza huikunja mara nne, kisha naiviringisha iwe nene kama mkono wa mtoto na kuiweka chini ya kiuno, juu kidogo ya mkanda wa suruali. Bila hiyo, ukishalaza kiti, makalio huteleza mbele taratibu, mgongo unapinda kama upinde, na baada ya saa mbili unaamka ukidhani umepigwa. Ya pili hujaza ule mwanya ulio kati ya bega na ukuta wa ndege, kwa sababu ukuta umejipinda na kichwa hakiufikii bila shingo kuvunjika. Kama unao mto wa shingo na hutaki upotee bure, uvae kinyume, uwazi ukae nyuma na unene uwe chini ya kidevu. Ukiuvaa kama wengi wanavyouvaa, unasukuma kichwa mbele, nacho mbele ndiko kinakoangukia.

Miguu iwekee begi dogo laini chini ya kiti cha mbele. Mimi ni mfupi, ukingo wa kiti hunibana mapaja kwa chini, na begi likinyanyua magoti kidogo tu mbano huo unaisha. Toa pochi kwenye mfuko wa nyuma, legeza viatu, kisha funga mkanda juu ya blanketi na si chini yake. Ndege ikianza kutikisika, wahudumu hupita kukagua mikanda, na wakiuona wako hawatakugusa bega.

Jambo ambalo wageni wa safari hii hawalitegemei ni ufupi wa usiku. Guangzhou iko mbele yetu kwa saa tano na ndege inakwenda kulipokea jua, kwa hiyo ukiondoka Addis karibu na saa sita usiku, kunapambazuka ukiwa na takribani saa nne tu angani, katika safari ya saa kumi hivi. Ukisubiri chakula, kisha filamu, giza litakuwa limekwisha. Mimi hula uwanjani Addis, naingia ndani, navaa kitambaa cha macho, na namwambia mhudumu mapema kwamba asiniamshe. Kwenye Dreamliner dirisha halina pazia bali kitufe cha kutia kioo giza, lakini wakati mwingine wahudumu huyaongoza madirisha yote wao wenyewe, kwa hiyo usikiache kitambaa hicho nyumbani.

Sitakushauri kunywa dawa za usingizi. Safari inayozidi saa nne huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, na aliyelala kwa dawa hageuki wala hanyanyuki. Mimi huamka mara mbili, natembea hadi nyuma, nakunywa maji, narudi.

Kwa safari ya kurudi usijisumbue kulipia chaguo la kiti. Ukiondoka Guangzhou usiku wa manane, huku kwetu ndiyo kwanza saa moja jioni, nayo ndege inaufuata usiku kuelekea magharibi, kwa hiyo giza linakuwepo karibu njia nzima. Baada ya wiki mbili za kupanda na kushuka ngazi za maghala, nimewahi kulala kiti cha katikati mpaka magurudumu yalipogusa ardhi ya Addis. Kanga tu uzitoe kwenye begi kubwa kabla hujalikabidhi mizigoni, maana mimi nilizisahau mara moja humo nikalala kwa kuegemea furushi la sampuli za vitasa.