Maswali ya wasomaji: madini adimu na maji ya moto

Haya madini adimu ni adimu kweli? – Igoma

Si sana. Elementi hizi ziko 17, na mojawapo, seriamu, imo kwenye gamba la dunia kwa kiasi kinachokaribia shaba. Shida ni kwamba zimetapakaa. Mahali zilipojikusanya ni pachache, kama Ngualla kule Songwe.

Shikamoo mwalimu. Elementi hizo zinayeyukaje kwenye maji ya moto, na kwa nini baadaye zinaganda? – Kidato cha sita, Nyakato

Marahaba. Maji matupu hayaziwezi. Yanayoziweza ni maji ya chini sana ardhini, yenye nyuzi joto 300 au 400, chumvi tele na tindikali. Kloridi ya chumvi hiyo hushikana na elementi hizo ikazibeba, na salfeti vilevile. Kwenye joto hilo kloridi huzishika nyepesi, kama lanthanamu, kwa nguvu kuliko nzito, ndiyo maana nyepesi hufika mbali zaidi.

Zamani sifa zote alipewa floridi. Lakini penye tindikali kali floridi hujifunga na haidrojeni, na tindikali ikipungua huzinasa elementi zetu na kuzidondosha. Kwangu mimi huyo ni mshushaji, si mbebaji.

Usiseme tu “yalipoa yakaganda”. Monazaiti, mojawapo ya madini yanayobeba elementi hizi, huyeyuka zaidi maji yakipoa, mradi tindikali ibaki ileile. Kinachoshusha mzigo hasa ni maji kupita kwenye mwamba kama chokaa, unaoua tindikali. Yakikuta fosfeti hutokea monazaiti. Yakikuta kaboneti pamoja na floridi, bastnasaiti.

Maji hayo yalitoka Ziwa Victoria? – Kirumba

Hapana. Ziwa lina miaka laki nne hivi. Miamba ya dhahabu ya Geita, zaidi ya bilioni 2.5.

Kuna mtu anataka marudio yangu ya dhahabu (mchanga uliobaki baada ya kuchenjua), anadai yana madini adimu. Nimuuzie? – Mchimbaji, Misungwi

Usikimbilie. Dhahabu ya ukanda wetu ililetwa na maji ya chumvi kidogo, ikibebwa na salfa (si salfeti ile ya juu), ambayo haishikani na elementi adimu. Ila chunguza mchanga mweusi unaobaki chini ya karai. Chembe nzito za rangi ya asali huenda ni monazaiti, ambayo hutokana na graniti kama majabali yetu haya ya Mwanza. Usizihifadhi uvunguni, zina thoriamu yenye mionzi. Chota sampuli kwa mkono wako, si wa mnunuzi, uipeleke maabara ya GST, taasisi ya jiolojia ya serikali, Dodoma kabla hamjaanza kutajiana bei.