Mwambie mdogo wako aende akasome ukutubi, mimi niko kaunta mwaka wa 14

Mkuu umesema mdogo wako kachaguliwa diploma ya ukutubi pale SLADS, chuo cha ukutubi cha Bagamoyo, na ndugu wanamkatisha tamaa, eti maktaba zimekufa, kila kitu kipo Google, abadilishe kozi. Mimi ni mkutubi wa chuo, mwaka wa 14 huu, nilianza tukiwa bado na makabati ya kadi na leo kila mwanafunzi anaingia na simu janja mkononi, kwaiyo nakuambia ninachokiona kila siku.

Kazi imeongezeka aisee. Zamani mtu anauliza kitabu kiko wapi, unamwambia fasihi ya Kiswahili nenda rafu namba 896.392, historia ya Tanzania 967.8, basi. Siku hizi anakuja ameshahangaika wiki nzima, bando limekata, na hicho alichokipata hajui akishike au akiache.

Kuna binti wa uuguzi, mwaka wa mwisho, alikuwa anaandika ripoti yake kuhusu kifafa cha mimba na supavaiza kamwambia anataka makala za miaka ya karibuni. Kila anayoifungua inamletea aya moja ya muhtasari halafu chini wanataka dola 35, na alishaenda kukopa kwa mwenzake hela ya bumu ili alipie mbili. Nikamwambia hebu vuta kiti. Kuna mpango unaitwa Hinari, Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wakubwa waliuanzisha 2002, sasa uko chini ya Research4Life, vyuo na hospitali za nchi kama yetu zinasoma bure, na wa kilimo nao wana wa kwao AGORA. Ila anayesajiliwa ni chuo, sio mwanafunzi, na pasiwedi anakaa nayo mkutubi. Tukaitafuta makala ile ile kupitia huko, ikafunguka yote mpaka majedwali, akawa anashusha kurasa taratibu kama haamini, na akaondoka na makala 9 kwenye flashi. Alirudisha zile hela jioni ile ile. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba chuo kilikuwa na hiyo njia miaka yote na kuna madarasa mazima yamemaliza bila kujua.

Halafu limekuja hili la ChatGPT. Dogo mmoja kaniletea orodha ya marejeo 12 aliyopewa na hiyo ChatGPT nimtafutie makala kamili, saba zikapatikana, tano hakuna. Jarida lipo, toleo lipo, mwandishi ni profesa wa kweli kabisa, lakini ukifungua kurasa zenyewe unakuta makala ya mtu mwingine inahusu ufugaji wa samaki. Mwanzo aliona mimi ndo sijui kutafuta. Tukakaa tukafungua moja moja, ya tatu akaelewa mwenyewe kwamba zimetungwa, na alikuwa amebakiza siku mbili akabidhi. Sasa hivi nafanya hivyo karibu kila wiki, na hiyo Google haikufanyii.

Na jamani vitu vingi vya kwetu haviko mtandaoni. Alikuja mzee mmoja kutoka kijijini, nikampa shikamoo, akasema anataka kitabu cha sheria ya ardhi, mjukuu wake kamtafutia kwenye simu mpaka kachoka. Ningempa kitabu angeondoka nacho na kisingemsaidia chochote. Nikamuuliza mzee wangu, ni jambo gani hasa linakusumbua? Akaeleza kama dakika ishirini hivi na ikatoka kwamba kijiji kinabishana na msitu wa hifadhi na mpaka ulitangazwa miaka ya 60, yani anachohitaji ni GN, tangazo kwenye Gazeti la Serikali. Nikampigia mwenzangu Maktaba Kuu ya Taifa pale mtaa wa Bibi Titi, Dar, ile aliyoifungua Mwalimu Desemba 1967, mzee akapanda basi. Alirudi wiki ya pili kunionyesha tu ile kopi, kaiweka kwenye nailoni mbili isilowe.

Kuna sekondari naifahamu walitoa vitabu vyote wakaviweka stoo wakajaza kompyuta, na mkutubi wakamhamishia masijala. Mwaka haukuisha nusu ya mashine zimekufa, vitabu vimeliwa na mchwa, na watoto hawana hata pa kukaa wakasoma, kumbuka wengine nyumbani wanalala wanne chumba kimoja na umeme wa kuungaunga.

Sitamdanganya mdogo wako kuhusu ajira, nafasi ni chache na sehemu nyingi bado wanamuona mkutubi ni mtu wa kufuta vumbi. Ila wanaojua kazi wanatafutwa. Akiwa chuo aijue Koha, ile programu ya kuendeshea maktaba, vizuri maana maktaba nyingi zinaihamia, ajifunze na DSpace, programu ya kuhifadhi tasnifu, na Hinari aijue mpaka aweze kumfundisha mtu asiyejua kushika mausi. Na akienda fildi watampa kazi ya kubandika namba kwenye migongo ya vitabu, aifanye kwa adabu, ila aombe angalau wiki mbili akae kaunta.