Mtoro, mkimbizi au muomba hifadhi?

*Maalim, assalaam alaykum. Nasomesha Kiswahili katika skuli moja ya sekondari hapa Wete. Niliwapa wanafunzi insha fupi juu ya Godbless Lema, aliyekuwa Mbunge wa Arusha Mjini kupitia Chadema, alivyoondoka nchini baada ya uchaguzi wa 2020. Mmoja kaandika "alikimbia Kenya". Mwengine kaandika "alitoroka". Wa tatu kamwita "mkimbizi". Wote nimewakata alama, nikawaandikia kwa wino mwekundu: "aliomba hifadhi". Kisha mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, hifadhi si ya kima punju kule Jozani?" Nikakosa la kumjibu. Nisaidie.*

Waalaykum salaam, Mwalimu. Katika watoto hao watatu, mmoja umemdhulumu. Nitamfikia.

Nianze na wa kwanza. Kukimbia ni kuondoka mbio, na kitu unachokikimbia ndicho kinachokutisha: mtu humkimbia nyoka, huikimbia vita. Kukimbilia ni kwenda kule unakotarajia usalama: mtoto aliyemkimbia mbwa humkimbilia mamake. Tofauti ni silabi moja tu, *li*, lakini inageuza safari nzima. Wapemba hawahitaji kufundishwa jambo hili kwa mifano ya vitabuni. Januari 2001, maandamano ya kupinga matokeo ya uchaguzi yalipozimwa kwa risasi, zaidi ya watu 2,000 walivuka bahari hadi Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya. Watu hao waliikimbia Pemba, wakakimbilia Shimoni. Ukiandika kwamba "waliikimbia Shimoni" umewarudisha kwenye risasi. Basi Lema aliikimbia Tanzania, akakimbilia Kenya. "Alikimbia Kenya" humwacha msomaji njiani, hajui kama Kenya ndiko alikokwenda au ndiko alikotoka. Hapo wino wako mwekundu ulikuwa na haki.

Sasa kima punju, wale kima wekundu wa msitu wa Jozani, Unguja. Mtoto aliuliza vizuri, na usimkemee. Neno *hifadhi* tumelipata kwa Waarabu, nasi tumelitandaza kwingi: mtoto wa chuoni huhifadhi juzuu, mfanyakazi hukatwa mchango wa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, Jozani na Ngezi ni misitu ya hifadhi, na mama humwombea mwanawe anayesafiri, "Mungu akuhifadhi". Kote humo wazo ni moja: kuna kitu cha thamani kinachoweza kupotea, na kuna aliyekubali kukiangalia kisipotee. Mwanasiasa anayebisha hodi nchi jirani anaomba hilo hilo, kwa roho yake. Katika darsa zetu tunasema Najashi, mfalme wa Habasha, aliwahifadhi Waislamu wa mwanzo, na Makureshi walipotuma wajumbe kuwadai, alikataa kuwatoa. Kwa hiyo matumizi haya si ya jana, wala hayakuazimwa kwa wahifadhi wa wanyama. Ukiona sentensi inaweza kuleta utata, andika "hifadhi ya kisiasa". Ukiwa umeshataja mpaka, polisi na uchaguzi, "hifadhi" peke yake inatosha.

Wapo wanaopendelea *himaya*. Mimi siiafiki hapa. Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Waingereza tangu 1890 hadi 1963, na wazee wetu walijua maana yake: mwenye kukulinda ndiye pia mwenye kukutawala. Muomba hifadhi haombi kutawaliwa. Anaomba asirudishwe.

Neno lililonikera katika barua yako ni *kutoroka*, na ningependa ulitumie somo zima darasani. Nani hutoroka? Mfungwa, askari aliyeacha lindo, mwanafunzi wa bwenini. Zamani ilikuwa mtumwa wa shamba la mikarafuu, kabla hali ya utumwa haijaacha kutambuliwa na sheria Zanzibar mwaka 1897. Wote hao kuna mtu anayedai haki ya kuwazuia, na *mtoro* ni jina analotoa huyo mdai. Aliyekimbia shamba alijiona anaiokoa nafsi yake. Bwana wa shamba ndiye aliyemwita mtoro. Mwandishi anayesema mwanasiasa "ametoroka" amekwisha kusimama upande wa anayemsaka, hata kama hakukusudia. Mwenye ushahidi kwamba mtu amevunja kifungo halali na alitumie. Asiye nao aseme "ameondoka", au "amekimbilia".

Nakuja kwa wa tatu, uliyemdhulumu. Umbo la *mkimbizi* ni la kale. Shina *kimbia* lilikuwa na *l* mwishoni ambayo imetoweka katika usemi wetu, lakini huibuka ikiwa *z* tunapomtaja mtendaji: nunua, mnunuzi, tembea, mtembezi, okoa, mwokozi, kimbia, mkimbizi. Anayekimbia mashindanoni tumempa umbo jengine, *mkimbiaji*, na hivyo *mkimbizi* likabaki kwa aliyekimbia hatari. Angalia basi: jina hili linatokana na kitendo chake mwenyewe. Halisubiri muhuri wa ofisi. Sheria ya kimataifa nayo, kwa mkataba wa wakimbizi wa 1951, inafahamika hivyo hivyo: mtu hawi mkimbizi kwa sababu ametambuliwa, bali hutambuliwa kwa sababu tayari ni mkimbizi. *Muomba hifadhi* ni jina la hatua tu, tangu apeleke ombi mpaka ajibiwe.

Novemba 2020 Lema aliingia Kenya na mkewe na watoto wao, akisema maisha yake yamo hatarini. Polisi walimkamata Kajiado, kisha wakamwachia, na Desemba familia ikapelekwa Kanada. Huko aliishi *uhamishoni* mpaka aliporudi tarehe 1 Machi 2023. Neno hilo nalo lina umbo la kuhamishwa, kana kwamba kuna mkono uliomsukuma, ndiyo maana haliwafai waliohama kwa kutafuta riziki.

*Muomba* au *mwomba*? Vitabu vingi vya bara huandika *mwomba*, na kinywa cha Unguja na Pemba kinasema *muomba*. Usimkate mtu alama kwa hilo.

Daftari zirudishe hivi: wa kwanza mwongezee *li*, wa pili muulize nani alimwambia kwamba Lema alikuwa mtoro, na wa tatu mrudishie alama yake yote.