Mshale wa Spidi Unaorukaruka na Injini Inayositasita
Ndugu, kwa kuwa Jeep Cherokee yako ya 1998, yenye injini ya lita 4.0, ilianza kurusha mshale wa spidi na kusitasita unapokanyaga mafuta baada ya kuvuka maji, nisingekimbilia kununua sensa. Ningeanza na nyaya. Kwenye gari la 4x4, sensa ya mwendo, inayoiambia spidomita kasi ya gari, imefungwa upande wa nyuma wa transfa kesi, yaani kasha la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, mahali panapopigwa na matope, hivyo chomoa soketi yake, tazama kama ina kutu ya kijani, isafishe, kisha fuatilia waya hadi juu, hasa pale waya huo unapopita karibu na ekzosi, kwani waya uliochunika ganda huweza kuvuruga hata sensa nyingine. Kompyuta ya injini nayo hutumia ishara hiyo ya mwendo, ndiyo maana dalili hizi mbili zinaweza kuwa na chanzo kimoja, ingawa si lazima. Gia ndogo ya plastiki inayoizungusha sensa huliwa pia, ikague ukishaitoa.

Kusitasita kukibaki, washa swichi bila kuwasha injini, upime sensa ya throtoli, inayoonyesha kilango cha hewa ya injini kimefunguka kiasi gani, kwa mita ya umeme: ukifungua kilango hicho polepole, volti zipande bila kuruka, kutoka chini ya 1 hadi takribani 4.