Kitenge kwenye jioni rasmi za meli

Dada, umeuliza kama kitenge kitakutia aibu kwenye zile jioni rasmi, abiria wanapovaa nguo za sherehe kwa chakula cha jioni, wewe na mzee mkipanda meli ya kitalii. Hakitakutia aibu hata kidogo. Vazi rasmi la kwenu hukubalika kwenye meli nyingi, mradi lionekane la sherehe. Nenda kwa fundi mzuri pale soko la Kibuye mjini Kisumu, akushonee gauni refu linalofika kwenye vifundo vya miguu, bitana ndani, na mshono wa mabegani ulionyooka. Mshono ndio watu huuona kwanza. Kama unataka kitambaa kisichokunjamana, chukua krepu (kitambaa laini chenye vikunjo vidogo) badala ya kitenge, kwa sababu pasi hairuhusiwi chumbani, wanaogopa moto.

Mzee avae suti nyeusi au ya bluu iliyoiva, shati jeupe na tai. Inatosha. Asikodishe taksido, ile suti ya sherehe ya tai ya kipepeo, isipokuwa anaipenda mwenyewe.

Kabla ya kununua chochote, soma masharti ya kampuni yenu. Safari ya usiku 7 mara nyingi huwa na jioni rasmi moja au mbili, lakini kampuni ya meli ya Cunard ni wakali zaidi kuliko wengi kuhusu mavazi, na kuna kampuni zilizoacha kabisa mambo ya tai. Usiku ambao hamtaki kujipamba, mtakula kwenye bafe bila kuulizwa.

Na tafadhali beba shali nzito. Kumbi za kulia huwa na baridi kali ya kiyoyozi, na upepo wa sitahani usiku si mchezo. Viatu viwe vya kisigino kipana, meli huyumba.